Maji Yapande Mlima Kwanza

Mwaka 2020 Mwanza ilijiwekea maji ya kunawa karibu kila mlango, na kazi hiyo haikungoja mkandarasi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Haikuchukua muda, mtu akitoka Posta kwenda Kirumba kwa miguu akawa anapita ndoo baada ya ndoo: mlangoni kwa duka la dawa, kwa fundi simu, kwa mama lishe, kwenye geti la msikiti na la kanisa, stendi. Serikali iliagiza watu wanawe kwa maji tiririka na sabuni, lakini ndoo zenyewe zilinunuliwa na watu, zikatobolewa na watu, zikajazwa na watu.

Naikumbuka vizuri ya mama lishe mmoja karibu na Makoroboi, eneo la wamachinga katikati ya mji. Ilikuwa ndoo ya rangi iliyosuguliwa ikatakata, koki ya plastiki imekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili isivuje, chini beseni la kupokelea maji machafu, na sabuni ya maji ndani ya chupa ya soda yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Baadaye mafundi wa kuchomelea wakaleta vile vyuma vya kukanyaga kwa mguu, hugusi koki wala chupa. Ile ilikuwa miundombinu ya mji kamili, imebuniwa, imetengenezwa na kutunzwa na watu ambao mji ukipangwa huwa hawaulizwi.

Leo ndoo nyingi zimeondoka. Vyuma vya kukanyaga vimeegeshwa kwenye kuta vikiota kutu, vingine vimeuzwa chuma chakavu. Kilichoondoka navyo ndicho ninachotaka kukizungumzia hapa, maana naona tumeliacha somo kubwa kuliko yote ambayo ugonjwa ule ulitupa, na tumeliacha mapema mno.

Nianze na mlima. Anayeishi Mwanza anajua kwamba hapa umbali haupimwi kwa kilomita peke yake, unapimwa kwa kupanda. Chini kuna barabara, benki, bandari, reli iliyofika hapa mwaka 1928, maduka na ofisi. Juu kuna mawe, na katikati ya mawe kuna sisi. Ukiacha Capri Point na baadhi ya sehemu za Isamilo ambako wenye uwezo walijenga kwa nafasi, milima ya mji huu imejengwa na watu waliokuja kutafuta maisha, wakakuta tambarare zina wenyewe, wakapanda. Ndivyo zilivyojaa Mabatini, Igogo, Kilimahewa, Bugando na kwingineko. Hatukupanda kwa kupenda mandhari, ingawa mandhari ya ziwa asubuhi kutoka Mabatini hakuna hoteli inayoyazidi. Mimi nakaa huko, upande wa juu, mahali ambapo gari halifiki na jeneza hubebwa begani mpaka barabarani.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Shule zilipofungwa (kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29) nilibaki nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu niajiriwe, na nikauona mlima wetu saa za kazi. Niliona madumu. Bomba lipo kwa wengi, sikatai, lakini maji yana siku zake na yana kimo chake. Yanapokatika, vijana hupandisha madumu ya lita ishirini kutoka chini, moja begani na jingine mkononi, na bei ya dumu hupanda kadiri nyumba ilivyo juu. Maana yake ni kwamba maskini zaidi ndiye anayelipia lita ileile ghali zaidi. Mwenye bomba ndani kule chini analipa bili ya mwezi, na sisi tunalipia jasho la mtu.

Jirani yangu, mama wa makamo ambaye mtaa mzima tunamwita mayo, yaani mama kwa Kisukuma, anauza vitumbua mlangoni kwake. Aliweka ndoo kama wenzake. Siku moja nikamwamkia nikamkuta anaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana.

"Mwalimu," akaniambia, "hii ndoo inakunywa kuliko wanangu wote."

"Sasa utaitoa, mayo?"

"Nikiitoa wateja watasema nawaletea maradhi. Nikiiacha, dumu la jioni sina. Wewe uliyesoma, niambie nifanyeje."

Sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Jibu la swali lake linatakiwa kutoka kwenye bajeti, kwenye pampu na kwenye tenki lililojengwa juu ya nyumba ya mwisho ya mlima. Kunawa mikono, kitu ambacho dunia nzima ilikuwa inakitaja kuwa ndicho rahisi na cha bure, pale juu kilikuwa na bei, na mayo alikuwa akiilipa kutoka kwenye faida ya vitumbua.

Huko nje wakati ule wataalamu wa mipango miji walikuwa kwenye mjadala mkali. Meya wa Paris, Anne Hidalgo, alikuwa ameingia kwenye uchaguzi wa 2020 akilinadi wazo la profesa Carlos Moreno la mji wa dakika 15: shule, duka, zahanati, bustani na kazi viwe karibu, mtu afike kwa miguu au baiskeli ndani ya robo saa. Milan ikatangaza mpango wa kuzipunguzia barabara zake magari. Bogotá ikatenga njia za baiskeli za dharura tangu Machi. Nilivisoma vyote hivyo kwenye simu, nikiwa nimekaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, na niliviona kuwa mambo ya maana kwa miji iliyozoea kuishi mbali na kila kitu.

Kisha nikaangalia chini ya jiwe langu. Kwa dakika chache za kushuka ngazi nafika kwa muuza nyanya, dagaa wa kupimwa kwa kopo, mkaa, vocha, fundi cherehani, kinyozi, duka la dawa, madrasa, kanisa, na bodaboda wa kunifikisha hospitali. Mji wa karibu ambao Paris inautafuta, sisi tunao. Tumeujenga wenyewe, kibanda kwa kibanda, na ndio uliotuvusha katika miezi ile. Daladala zilipoagizwa kubeba abiria waliokaa tu, leveli siti kama makonda walivyokuwa wakiita, foleni za vituoni zikawa ndefu na watu wengi wakaamua kumaliza shida zao mtaani. Mtaa ukaweza. Usingekuwepo ule msongamano wa vibanda ambao kila kiongozi huuita uchafu wa mji, tungelazimika kujazana sokoni wote kwa pamoja kila siku.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema korona imetufundisha kwamba lazima tupunguze msongamano, huwa namuuliza anamaanisha msongamano upi. Watu wengi kuishi karibu si ugonjwa. Ugonjwa unapata nafasi pale watu wengi wanapoishi karibu bila maji, bila choo kinachoondoa uchafu, bila dirisha na bila pa kusimama. Hayo manne yote yanatengenezeka watu wakiwa palepale walipo.

Tofauti hii ina historia, na historia yenyewe imetugusa sisi wa ziwani moja kwa moja. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu kwenye mtaa mmoja wa London, na daktari John Snow akaonyesha kwa ramani kwamba vifo vilizunguka bomba moja la maji la Broad Street. Miaka minne baadaye harufu ya mto Thames ikawashinda wabunge, pesa zikatoka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa ya majitaka chini ya mji. Watu wa London walibaki London. Kilichohama ni uchafu.

Ziwani kwetu mambo yalikwenda vingine. Kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa wa malale uliwamaliza watu wa mwambao wa kaskazini na visiwa vyake, upande wa Uganda, na inakadiriwa waliokufa ni zaidi ya 200,000. Daktari David Bruce alikuwa ameshaonyesha mwaka 1903 kwamba mbung'o ndiye anayeueneza. Gavana Hesketh Bell akaamua kuondoa watu ufukweni na visiwani. Vijiji vikahamishwa, mashamba yakabaki pori, wavuvi wakapigwa marufuku ziwani mwao. Wakati huohuo daktari wa Kijerumani Robert Koch aliweka kambi visiwa vya Sese, mwaka 1906 na 1907, akiwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka kwa dawa hiyo. Waliohamishwa walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi, na walikuta pori limechukua kila walichokuwa nacho.

Na si malale tu. Miji ya kikoloni ya nchi hii ilipangwa kwa kisingizio cha afya: Dar es Salaam ikagawanywa sehemu za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na katikati yakaachwa maeneo ya wazi eti yazuie maradhi yasivuke. Mabomba na mitaro ilifika sehemu moja, askari wa afya alifika nyingine.

Basi kila janga linapopita, mamlaka huwa na njia mbili mbele yake: kupeleka bomba waliko watu, au kuwaondoa watu. Ninachoamini kwa moyo wote ni kwamba Mwanza lazima ichague ya kwanza, na ichague kwa sauti, kwa sababu ya pili ndiyo inayokuja yenyewe mtu asiposema kitu.

Tazameni yaliyowapata wamachinga. Mwaka 2016 waliondolewa katikati ya mji huu wetu, na Desemba Rais Magufuli akaagiza zoezi lisimame, wakarudi. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000, na aliyekuwa nacho akaambiwa asibughudhiwe. Mwishoni mwa 2021, korona ikiwa bado ipo na chanjo zikiendelea, ikaja amri ya nchi nzima ya kuwapanga upya, na hapa kwetu wakaelekezwa kwenye maeneo kama Mchafukuoga. Sina ugomvi na barabara kuwa wazi. Mtu mwenye kiti cha magurudumu alikuwa hapiti, gari la zimamoto lilikuwa halipiti, na wenye maduka waliolipa pango na kodi walikuwa na haki ya mlango wao kuonekana. Lakini nilikwenda kuwaona niliowazoea, na swali langu la kwanza lilikuwa la mwalimu wa jiografia: maji yako wapi, choo kiko wapi, daladala inashusha wapi? Muuza mitumba mmoja alinionyesha meza yake iliyogusana na ya jirani pande zote, mabati ya chini juu ya kichwa, hewa nzito. Pale Makoroboi, kwa kero zake zote, alikuwa anauza penye upepo.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba somo la korona halikuingia kwenye kalamu ya mpangaji. Tulikuwa tumetoka tu kufundishwa kuwa nje ni salama kuliko ndani, na hatua iliyofuata ikawa kuwachukua watu waliofanya kazi nje na kuwabana pamoja. Mtu angeweza kuchora mistari ya rangi lami, meza upande mmoja wa barabara, nafasi ya kupita upande wa pili, koki ya maji kila baada ya meza kadhaa, choo kimoja cha kulipia kinachotunzwa na chama chao wenyewe. Mitaa mingine ifungwe kwa magari jioni. Wamachinga wana viongozi wao, wanajua nani anauza nini na wapi, na wangeipanga vizuri kuliko mgambo yeyote.

Kuna mahali somo liliingia, na nitapasema kwa furaha kwa sababu nafanya kazi humo. Katika mkopo ambao nchi ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na athari za Uviko, ulijengwa mzigo wa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 kwenye shule shikizi. Shuleni kwetu tulipata. Darasa la zamani ninalofundishia lina madirisha madogo ya vioo vya kuinua ambavyo nusu havifunguki, na mchana wa Februari wanafunzi wa nyuma husinzia kwa joto, si kwa uvivu. Kwenye jipya nikifungua madirisha ya pande zote mbili, upepo wa ziwa unaingia huku na kutokea kule, karatasi zinaruka, tunaweka mawe juu ya madaftari. Tofauti ya kukohoa peke yake inasikika. Kifua kikuu hakijaondoka Mwanza, mafua hayajaondoka, na dirisha hilo litaendelea kufanya kazi hata jina la korona likisahaulika. Mafundi wanaojenga vyumba vya kupanga, vile vya mstari mmoja vyenye kidirisha cha mbele tu, wangetakiwa waletwe walione.

Jambo la pili jema liko chini ya miguu yetu mlimani. Nyumba zilizojengwa juu ya mwamba huwezi kuzichimbia choo cha shimo kirefu. Kwa miaka mingi ilikuwa mvua kubwa ikinyesha usiku, baadhi ya watu hutapisha vyoo vyao, uchafu unashuka na maji ya mvua, unaingia mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani, ziwa lilelile tunalochota na kunywa. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka nchini na kufika huku hakuna aliyepaswa kushangaa. Kisha, kupitia mradi wa maji na usafi wa ziwa Victoria, yakaja mabomba membamba ya majitaka yanayopita palepale njia za watu zinapopita, nyuma ya nyumba, kando ya jiwe, chini ya ngazi, bila kungoja barabara ambayo haitapatikana kamwe. Mabatini, Igogo na Kilimahewa zilikuwa kati ya za mwanzo. Uchafu unateremka kwa mteremko wenyewe mpaka kwenye bomba kubwa huko chini.

Nimeona mafundi wakilaza bomba kwenye mwinuko ambao hata kusimama ni kazi, wamejifunga kamba kwenye jiwe, saruji inapandishwa kwa ndoo kichwani. Nimeona pia kilichofuata: nyumba iliyounganishwa inaanza kupaka rangi, inaongeza chumba, mwenye nyumba anaanza kukataa takataka kutupwa jirani. Hakuna aliyehamishwa. Bomba lilipinda kufuata watu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora ya mipango miji iliyowahi kufanyika Mwanza tangu Wajerumani waanzishe kituo chao hapa mwaka 1892, na nasikitika kwamba huwezi kuiona kwenye picha yoyote ya kuutangaza mji. Picha ni Jiwe la Bismarck, lile lililosimama juu ya mawe mengine ziwani, daima Jiwe la Bismarck.

Sasa maji safi yafuate njia hiyohiyo. Chanzo kipya cha Butimba kina uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, nyongeza juu ya kile cha Capri Point. Hilo ni jambo kubwa na linastahili shukrani. Ila maji kuzalishwa na maji kupanda ni kazi mbili. Yanahitaji matenki juu kabisa, pampu za hatua kwa hatua na umeme usiokatika, na mahali pasipowezekana bomba la nyumba kwa nyumba basi kioski cha maji juu ya mlima, kwa bei ileile ya chini. Nasisitiza bei ileile, maana bila hivyo yule kijana wa dumu ataondoka na gharama yake itabaki.

Kuhusu pa kupumulia, ziwa liseme lenyewe. Mei 2020, katikati ya hofu ya korona, maji ya ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakiipita rekodi ya mita 13.41 ya Mei 1964, iliyofuata zile mvua za Uhuru ambazo wazee bado wanazisimulia. Ziwa likaingia kwenye bustani za watu, kwenye mialo, kwenye vibanda vya kuanikia dagaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Tembea kwa miguu ufukweni uone kuta ngapi zimeingia humo. Mvuvi mwenye kibanda cha mabanzi huondolewa kwa siku moja, ukuta wa matofali hukaa miaka. Matokeo yake, mji uliozungukwa na maji una sehemu chache mno ambako mtoto wa Mabatini anaweza kuufikia ufuko bila kiingilio. Wakati ule tulipoambiwa tukae mahali penye hewa, hewa yote ya Mwanza ilikuwa nyuma ya geti la mtu.

Zile mita 60 zingeweza kuwa njia ndefu ya watu kutembea, yenye miti, kutoka Kirumba Mwaloni kuelekea Bwiru. Ziwa likipanda linapata pa kujinyoosha bila kubomoa nyumba, likishuka watu wanapata pa kukaa. Mialo ibaki humo kwa heshima zote, na chanja za kuanikia dagaa na vyoo vya wavuvi, kwa sababu wavuvi ndio wenye haki ya kwanza na ufuko. Mwaka 2020 safari za ndege zilipokatika, minofu ya kwenda Ulaya ikakosa njia na bei ya sangara ikaanguka, walioumia ni hao, na dagaa waliotulisha wakati ule ni wa hao.

Mpango kabambe wa jiji unakwenda mpaka 2035 na uliandaliwa kabla ugonjwa huu haujajulikana. Sensa ya 2022 imeonyesha Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja. Kupitiwa upya kwa mpango huo naona hakuepukiki, na ugumu mmoja utakuwa takwimu. Hesabu za wagonjwa nchini ziliishia Aprili 29, 2020, zikiwa 509, na zilichelewa sana kuanza kutolewa tena. Hatuna ramani ya Snow ya Mwanza. Hatujui ni milima ipi iliumia zaidi, ni mitaa ipi ilikosa maji siku zipi. Daktari anaweza kukumbuka, mchimba kaburi anaweza kukumbuka, lakini mpango hauandikwi kwa kumbukumbu.

Ndiyo maana nimewaingiza wanafunzi wangu. Kidato cha tatu wanasoma upimaji rahisi wa ardhi na usomaji wa ramani, na kwa miaka yote tulikuwa tukipima uwanja wa mpira. Sasa tunapima mlima. Wanapanda kwa makundi wakiwa na kamba iliyotiwa mafundo kila mita tano, dira mbili za shule na daftari la mistari. Kila kundi lina kazi yake: koki zinazotoa maji na siku zinazotoa, vyoo vilivyoungwa kwenye bomba na visivyoungwa, ngazi zilizomomonyoka, taa, nyumba zenye mgonjwa au mzee asiyeweza kushuka. Wanabisha hodi, wanaamkia, wanaeleza wametoka shule gani na wanataka kujua nini. Mara nyingi wanakaribishwa ndani na kurudi na habari nyingi kuliko nafasi ya daftari.

Ramani ya kwanza imechorwa kwenye karatasi nne zilizogundishwa kwa gundi ya unga. Koki zimetiwa bluu. Bluu inajaa chini, inapungua kwenye zile ngazi ndefu za mawe, na juu yake kuna nyumba zilizochorwa moja moja kwa penseli bila alama yoyote ya bluu. Msichana mmoja aliongeza jambo ambalo sikuwaagiza: kando ya kila nyumba ya huko juu ameandika bei ya dumu siku waliyopita. Tuliipeleka ofisi ya mtaa. Mwenyekiti aliitazama muda mrefu, akauliza kama tunaweza kumpa nakala aende nayo kwenye kikao cha kata, na mtendaji akataka kujua kwa nini nyumba yake haimo. Haimo kwa sababu iko upande wa pili wa mlima, kwenye mteremko ambao kundi la tatu linaupanda Jumamosi hii, mvua isiponyesha.